Pale Katikati Msipapige

Nyie mabinti wa kikundi, nimesikia mmepata kazi ya uwanja wa kota. Ule wa kota za zamani za mgodi, pale bodaboda wanapoegesha wakisubiri abiria. Nimeambiwa mtatandaza vile vitofali vya kisasa, pevingi, ukingo mpaka ukingo, mvua zikiisha tu. Hongereni. Lakini kabla hamjainua sururu, nina maneno juu ya lile duara la katikati, lile lenye udongo laini, mnalolicheka kila mkipita na mafagio: "Bibi, hapa mafundi wenu walichoka?" Hatukuchoka. Nilikuwepo, na hapo hapakuachwa kwa bahati mbaya.

Kazi nimeiacha mwaka huu. Hakuna barua iliyonistaafisha, ni magoti. Magoti hayana barua, yanakaa chini pamoja na wewe, halafu siku ya kuinuka yanakataa. Sikusoma, kwa hiyo haya namwambia mjukuu wangu Ashura naye anaandika. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambe. Na mnanijua, siwezi kumsema mtu bila kumwiga. Nimechapwa kwa hilo na baba yangu, nikachapwa na sista mmoja pale misheni ya Karema, mume wangu naye akajaribu. Sijapona mpaka leo.

Nilikuja Mpanda msichana, kwa miguu, kutoka upande wa Mpimbwe. Nilimfuata mume, na mume alifuata mgodi. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, reli bado mpya, watu wa mtaa wa Majengo wanatoka nyumbani kwenda kuangalia treni tu, hawasafiri, hawapokei mgeni, wanaiangalia ikipumua halafu wanarudi kupika. Mume wangu akawa anasukuma vigari vya mawe. Mimi nikakaa chumbani wiki mbili. Wiki ya tatu nikaona nitaanza kuongea na masufuria, nikaenda kutafuta kazi.

Kampuni ilikuwa inajenga kota mpya za wafanyakazi. Mistari mirefu, chumba kimoja kimoja na kibaraza ambacho watu wawili wakikaa, wa tatu anasimama. Saruji ilikuwa ya nyumba za Wazungu na ofisi. Sakafu za sisi wengine zilipigwa kwa udongo, na waliopiga ni wanawake kumi na wawili, na mkubwa wao ni Mama Nyanzala.

Mama Nyanzala alikuwa Mkonongo, mrefu, mweusi tii, mjane. Alizungumza polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, neno, anatulia, neno. Siku yangu ya kwanza hakuniuliza jina. Alinipa kibao cha kupigia, mti wa mninga, mpini umepinda kama shingo ya bata. Akasema, "Piga." Nikapiga kwa nguvu zangu zote, nataka kuonekana. Akaniangalia. "Mwanawane. Unaua. Nyoka?" Wanawake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Akainama, akashika mkono wangu. "Usipige kwa bega. Acha kibao kianguke. Halafu sikiliza. Udongo mbichi unasema pu. Ukiiva unasema ta. Usinyanyuke mpaka useme ta."

Hiyo ndiyo shule niliyosoma, na nimeitumia miaka yangu yote. Hata hii saruji yenu, bisheni hodi juu yake na kifundo cha kidole. Ikisema pu, fundi amewaibia.

Udongo ulikuwa wa kichuguu, tena kichuguu kilichohamwa. Ukichukua chenye mchwa utakuwa umewahamishia mchwa kwa mtu, na mlango wake wataula. Unaponda, unachekecha, unaloweka. Kwingine wanachanganya na mavi ya ng'ombe, ila huku wakati ule ng'ombe hawakai, mbung'o wanawamaliza, kwa hiyo tulitumia maji ya mlenda. Ndiyo, mlenda huu huu wa kulia ugali. Unavuta, unashika. Unapiga, unamwagia, unapiga tena, mwisho unasugua na jiwe la mtoni mpaka sakafu ing'ae. Na katika nyumba unaanza ukutani. Udongo wa chini ya ukuta unaupandisha kidogo, panya asipate pa kuanzia, halafu unakuja unapiga kuelekea katikati. Shikeni hilo, ukutani kwenda katikati. Litanitia aibu sasa hivi.

Nyapara wetu alikuwa Mzee Ramadhani, mtu wa Ujiji, kofia safi, na Kiswahili cha kukunjua kama kitambaa. Ndiye aliyekuwa anatufasiria kwa Bwana. Bwana akisema maneno matatu, Ramadhani anasema thelathini. Sisi tukisema thelathini, anampelekea matatu. Mimi nilikuwa namuiga wakati wa chakula: "Enyi akina mama watukufu, Bwana anawasihi, tena kwa unyenyekevu mkubwa, mfanye haraka." Bwana mwenyewe alikuwa amesema, "Kwisha lini?"

Bwana huyo alikuwa Mzungu, mpimaji. Jina lake halisi sijui mpaka leo. Tulimwita Bwana Kamba, kwa sababu kila mahali alikuwa na kamba, mfukoni, shingoni, mkononi, na vigingi nyuma ya gari. Mwembamba, pua nyekundu, hapigi kelele. Siku moja namuiga mbele ya wenzangu, "Mama, hapana kaa, jua nakimbia," nikaona wanawake wote wanaangalia chini wanapiga kwa bidii. Nikageuka. Amesimama nyuma yangu. Akasema, "Jua nakimbia kweli," akaondoka. Mpaka leo sijui kama alikasirika.

Sasa lile duara lilianza na msiba wa Mama Nyanzala. Alitueleza siku moja tunakula viazi kwenye kivuli cha ukuta. Mume wake aliitwa Mihayo. Alifia mgodini, jiwe lilishuka. Wakamleta chumbani, chumba kile kile cha kitanda kimoja. Watu wakaja, si unajua msiba, hauombi ruhusa. Wanawake wakajaa ndani mpaka hewa ikaisha. Wanaume wakakaa nje, kati ya mstari na mstari, wakawasha moto wa msiba. Akaja askari wa kota na kirungu. Mama Nyanzala naye alijua kuiga akitaka, ila yeye alimwiga bila kucheka: "Nyie! Moto hapana! Kundi hapana! Hapa ni kota, siyo pori!" Ilikuwa amri, waliogopa moto kwa ajili ya mapaa ya nyasi.

Wakazika. Msiba wakauhamishia ng'ambo ya reli, porini, mbung'o wanawauma. Siku ya pili mvua ikazima moto. Watu wakaanza kuaga mmoja mmoja, kwa aibu, kila mtu na sababu yake. Siku ya tatu alibaki yeye na kuni mbichi. Hapakuwa na wa kumaliza naye msiba.

Akatuambia, "Mume wangu. Ameliliwa. Nusu."

Hakuna aliyeendelea kula.

Miezi ikapita. Wakubwa wa mgodi wakaamua kota zile ziwe na uwanja katikati, uwanja wa wote, mahali pa watu kukutana. Bwana Kamba akaja na ramani, akaitandaza juu ya pipa, Ramadhani akashika pembe mbili upepo usiichukue. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuona uwanja kabla haujawepo. Bwana akawa anaonyesha kwa penseli. "Hapa njia ine. Hapa maua. Hapa kiti ya mawe. Hapa bendera." Mama Nyanzala akainama juu ya karatasi muda mrefu, kama anayesoma, na hajui kusoma kama mimi. Akaweka kidole katikati kabisa, kando ya bendera.

"Hapa pana nini?"

"Hapana kitu, mama. Wazi tu. Watu natembea."

"Na moto?"

Bwana akatikisa kichwa. "Moto hapana. Amri ile ile."

Mama Nyanzala akaondoa kidole. Lakini kesho yake, kabla hatujaanza, alipima hatua pale katikati, akazungushia mawe, akatuambia: "Humu ndani msipige. Paacheni laini." Hatukuuliza. Mpiga sakafu yeyote anajua. Ukiwasha moto juu ya udongo uliopigwa unapasuka kama chungu kisichochomwa vizuri, na ukishapasuka hauungiki. Panapotakiwa moto hapapigwi. Ndiyo tukajua tangu siku ile kwamba Mama Nyanzala anajenga uwanja wa Mihayo ndani ya uwanja wa Bwana. Na kila mmoja wetu alikuwa na mume mgodini. Tukafanya kazi kimya.

Siku chache mbele Bwana akakanyaga pale, buti likazama.

"Hii laini kwa nini?"

Mama Nyanzala hakupepesa jicho. "Ni pa kunywea maji, Bwana. Uwanja mkubwa huu, mvua ikija maji yaende wapi? Ardhi itayanywa hapa."

Bwana akafikiri. "Mzuri. Mama iko na akili." Akaichora kwenye ramani, duara dogo, akaandika neno pembeni. Ramadhani akakohoa, akaangalia angani. Alijua. Lakini safari hiyo hakufasiri kitu.

Halafu Mama Nyanzala akashikwa na homa. Akalala siku nyingi. Bwana anataka kazi iende, mvua karibu, na mkubwa wa mgodi anakuja kufungua uwanja. Ramadhani akauliza nani ataongoza. Na mimi, mdomo wangu huu, nikasimama nikaweka mikono kiunoni, nikatoa sauti ya Mama Nyanzala: "Wanangu. Shikeni. Vibao." Ikatoka sawasawa kabisa. Wakacheka, wakashika. Siku zote zile niliongoza kwa sauti yake, nikajiona mimi ndiye yeye. Sauti nilikuwa nayo. Akili yake nilikuwa sina.

Mimi nilikuwa najua nyumba. Nikawaanzisha ukingoni, kwenye mawe ya mpaka, tukapandisha udongo kidogo kama chini ya ukuta, tukaja tunapiga kuelekea katikati. Tulipiga vizuri, jamani. Ule uwanja ulisema ta kuanzia kwenye maua mpaka kwenye bendera. Ungeweza kuutandikia shuka kama kitanda. Ila nyumba ina paa. Uwanja hauna. Tulikuwa tumefinyanga bakuli, kubwa kama kijiji, limesuguliwa, halivuji hata tone, na katikati yake ndipo palipokuwa laini.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana. Haikuwa hata kubwa. Nilisimama kibarazani naangalia maji yanavyoteleza juu ya kazi yangu, mazuri, mepesi, yote yanakwenda mahali pamoja kama watu walioitwa. Duara likajaa. Likawa tope, tope likawa uji. Halafu mlingoti wa bendera, uliokuwa umechimbiwa kando yake, ukaanza kuinama taratibu kama mlevi anayetafuta pa kukaa, ukaanguka humo ndani, bendera na yote. Asubuhi vyura walikuwa wameshahamia.

Bwana Kamba alikuja akasimama ukingoni. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali. Akaongea na Ramadhani kwa Kiingereza, taratibu. Na Ramadhani, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akafasiri kwa maneno machache kuliko ya Bwana.

"Shimo litajazwa mawe na saruji. Litaletwa jiwe la kuviringisha, la kushindilia, kwa treni. Nyinyi kazi yenu mwisho Jumamosi."

Wakati huo tukamwona Mama Nyanzala anakuja. Amejifunga blanketi, ameshika fimbo, midomo imekauka. Alitembea mpaka kwenye maji, akaangalia ukingo, akaangalia katikati. Hakuhitaji kuambiwa. Akauliza, "Nani aliwaanzishia ukingoni?"

Wote wakaniangalia.

Akanitazama kidogo tu. Halafu akamgeukia Bwana. "Bwana, kosa langu. Hawa watu wangu."

Mnajua mimi sikosi la kusema. Siku hiyo nilitafuta sauti ya mtu yeyote ya kusemea, ya Ramadhani, ya baba yangu, hata ya yule sista, nikazikosa zote. Nikasema kwa yangu, ikatoka nyembamba kama ya mtoto. "Bwana, siyo yeye. Alikuwa mgonjwa. Ni mimi. Najua ndani tu, nje sijui."

Bwana akaniangalia. Nadhani alitafuta utani akakosa. Akamwuliza Mama Nyanzala, "Inawezekana kutengeneza?"

Mama Nyanzala akapiga magoti, akafunika kiganja chake juu ya udongo, mgongo wa mkono juu. "Kobe, Bwana. Mvua ikimnyeshea kobe, maji hayakai. Tutavunja yote. Tutaanza katikati, pawe juu, tutapiga kwenda nje. Maji yataondoka yenyewe, yaende kwenye mitaro." Bwana akachuchumaa. Akatoa pima maji yake ndogo mfukoni, ile yenye kiputo cha hewa ndani, akaiweka juu ya mkono wa Mama Nyanzala kama anayepima mkono wenyewe. Akatikisa kichwa kukubali. Tukaanza kupumua.

Halafu akasimama, akafungua ramani yake, akaweka kidole kwenye lile duara dogo. Akamwangalia Mama Nyanzala.

"Katikati iko juu sasa. Kama mlima. Na hii pa kunywa maji iko juu ya mlima. Mama. Maji napanda mlima?"

Nawaambia, hata vyura walinyamaza.

Ramadhani akaingilia haraka, kofia imekaa upande. "Bwana, huyu mama anakusudia maua. Patapandwa maua ya…"

"Usimwambie maua," Mama Nyanzala akasema. "Mwambie ni pa kulilia."

Ramadhani akamwangalia. "Mama Nyanzala, nikisema hivyo, kazi imekwisha."

"Tumeshaambiwa mwisho Jumamosi. Mwambie. Na usimpunguzie."

Ramadhani akasema. Hakupunguza. Alisema yote, nilikuwa nasikia jina Mihayo linapita ndani ya kile Kiingereza. Alisema chumba, akaonyesha kwa mikono udogo wake. Alisema askari, alisema reli, alisema mvua. Mahali fulani sauti ikamkatika, mzee yule wa maneno, akaangalia pembeni kidogo, akaendelea. Tukajua naye ana mtu wake aliyeliliwa nusu.

Bwana Kamba alikuwa amekunja ramani, anaizungusha mkononi. Nilifikiri atasema amri ni amri. Aliuliza swali moja, kwa Kiswahili.

"Watu ngapi?"

Msiba una watu wangapi? Wanaokuja. Basi Mama Nyanzala aliingia kwenye tope, mgonjwa vile, akakaa chini katikati, akanyoosha miguu mbele kama tunavyokaa wanawake msibani. Mimi nikaenda nikakaa ubavuni kwake. Tope la baridi likapita kwenye nguo. Akaja mwenzetu mwingine, na mwingine, wote, bega kwa bega, miguu imenyooka. Ramadhani akavua viatu vyake, akavipanga vizuri pembeni, akaja akachuchumaa upande wa pili, pale wanaume wanapokaa. Mafundi ujenzi waliokuwa wanaangalia wakashuka ukutani, wakakaa upande wa Ramadhani. Katikati yetu tuliacha nafasi ya moto. Hakuna aliyetuambia ukubwa wake. Kila mtu anaujua.

Bwana akasimama anatutazama. Halafu akatoa kamba. Akafunga ncha moja kwenye kigingi, akaanza kutuzunguka, taratibu, nyuma ya migongo ya watu, anapigilia kigingi, anasogea, anapigilia. Alipofika mahali ambapo mama mmoja mnene alikuwa amebanwa, akasema, "Sogea, mama, kaa mzuri," akangoja akae vizuri, akasogeza kigingi nje. Alipomaliza, lilikuwa kubwa mara nne ya lile la Mama Nyanzala. Njia zake nne ikabidi zikatwe, ziishie ukingoni mwa duara. Bendera ikahamishwa kule kwenye maua. Hiyo ndiyo ramani ya uwanja wenu, mabinti. Ilipimwa kwa watu waliokaa.

Tulivunja yote. Mama Nyanzala alikaa juu ya debe lililopinduliwa, na blanketi lake, anaongoza kwa fimbo. Mimi alinipa kazi ya kubeba maji tu, kibao akaninyang'anya siku nne. Siku ya tano akanirudishia. "Anza. Hapa. Nenda. Nje." Sikumwiga. Tulimaliza, mvua ya pili ikaja kubwa kuliko ya kwanza, tukasimama vibarazani tunaangalia. Maji yakateremka kila upande, yakaenda zake.

Siku ya kufungua akaja mkubwa wa mgodi, suti nyeupe, kiatu cheupe. Akatembea uwanja mzima anasifia, mpaka katikati, kiatu kikazama kwenye udongo laini. Akakivuta, akakiangalia, akamwuliza Bwana Kamba kitu, kwa ukali. Bwana akamjibu maneno machache, uso wake mkavu kama kawaida. Mkubwa akatikisa kichwa kukubali, akaendelea na safari yake.

Nikamvuta Ramadhani kanzu. "Amemwambia nini?"

Ramadhani akasema, bila kuongeza hata neno moja, "Amemwambia ni pa kunywea maji."

Nikamwangalia Mama Nyanzala. Alikuwa anaangalia chini, mabega yanatikisika kidogo. Ndiyo mara pekee niliyoona anacheka.

Wageni walipoondoka, jua bado liko juu, Mama Nyanzala alikwenda chumbani kwake akarudi na kuni. Zilikuwa kavu, alikuwa amezitunza uvunguni. Akaziweka katikati ya duara, akawasha. Moshi ukapanda mchana kweupe, kila mstari ukauona. Yule askari wa kota akatoka na kirungu chake, akafika ukingoni mwa duara, akasimama. Alimtafuta Bwana kwa macho. Bwana Kamba alikuwa ameinama kwenye gari anakunja kamba, ametupa mgongo. Askari akasimama pale kidogo, halafu akaweka kirungu chini, akavua kofia.

Mama Nyanzala akakaa, akanyoosha miguu. Akaanza kumlilia Mihayo kutoka pale alipoachia. Watu walitoka kila mlango, Wafipa, Wabende, Waha, watu wa mwambao wa ziwa, watu ambao hawakuwahi kumwona Mihayo. Walikaa. Moto ulikaa siku tatu, na hakuna aliyeaga.

Baada ya hapo nimepiga sakafu nyingi, za kanisa, za wodi, za maduka ya Majengo. Saruji ikaja nikajifunza saruji. Mgodi ukafungwa, watu wakaondoka na treni ile ile. Bwana Kamba aliondoka zamani kabla yao, hakuaga, jua lilikimbia naye. Ramadhani tulimlilia pale. Mume wangu nilimlilia pale. Mama Nyanzala tulimlilia pale, na kuni nilileta mimi.

Najua siku hizi kuna maturubai na viti vya plastiki vya kukodi, na msiba mnaweza kuuweka popote. Sawa. Tandazeni pevingi zenu, ni nzuri, zitapunguza vumbi. Muanze katikati kwenda nje. Ila pale laini msipapige.

Na fundi wenu akija na kamba yake aseme duara ni kubwa mno, linakula vitofali, nipelekeni. Nitakaa chini pale katikati, nitanyoosha miguu. Kuinuka sitainuka, magoti mnayajua. Apime kuzunguka mgongo wangu.